Tairi za baiskeli ya mbio Nairobi: jinsi ya kuzichagua, kuzijaza upepo na kuzitunza zidumu

Tairi nyingi za baiskeli ya mbio hapa Nairobi hazifi kwa kuisha mpira. Hufa zikiwa bado na kilomita nyingi mbele yake: ubavu umechanwa na ukingo wa shimo, breki iliyokaa vibaya imeula mpira hadi nyuzi zikaonekana, au kipande cha kioo kilichoachwa kwenye mpira kimezama siku baada ya siku hadi kikafika kwenye tyubu. Naye mwendeshaji anayefika Pangani kutoka Ruiru mikono imekufa ganzi, mara nyingi shida yake ni tairi nyembamba iliyojazwa upepo kupita kiasi. Upana na presha vikikaa sawa, tairi inadumu na safari inakuwa laini kwa pamoja. Aina ya mpira na jina la kampuni ni mambo ya baadaye.

Anza na upana

Soma namba zilizochapwa ubavuni kabla ya kutoa pesa. Tairi iliyoandikwa 28-622 ina upana wa milimita 28, na 622 ni kipenyo cha mahali ukingo wa tairi unapokaa kwenye rimu. 700C ndiyo hiyo hiyo 622. Baiskeli za zamani za mitumba zenye magurudumu ya inchi 27 hutumia 630. Tofauti ni milimita 8 tu, lakini tairi ya 622 haiingii kwenye rimu ya 630 hata ukiita watu wawili wakusaidie. Ya 630 kwenye rimu ya 622 ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu huingia kirahisi kisha huchomoka ukiijaza upepo. Black Mamba ya kubebea mizigo ina 635, kwa hiyo usikubali kuuziwa tairi kwa maneno "ni ya inchi 28". Linganisha namba ya ETRTO, ile yenye kistari katikati.

Kwa barabara zetu, milimita 28 ndicho kipimo cha kuanzia, na kama fremu inaruhusu 30 au 32, chukua hiyo. Milimita 23, iliyokuwa ya kawaida kwenye baiskeli za mbio za zamani, inahitaji presha kubwa ili rimu isigonge chini, na presha kubwa juu ya lami iliyochakaa humrusha mwendeshaji badala ya kumpeleka mbele. Nguvu inayopotea katika kuutikisa mwili wako umeitoa wewe kwenye pedali. Juu ya lami ya kokoto zilizochomoza, tairi pana yenye upepo wa kadiri haikuchelewishi, na mara nyingi inakuwahisha.

Kujua kama tairi pana itaingia, pima nafasi kwa alenki (ufunguo wa pembe sita) ya milimita 4. Zungusha gurudumu polepole huku alenki hiyo ikipita kati ya tairi na fremu pande zote mbili, chini ya daraja la breki (pale breki ya nyuma inapofungwa) na chini ya taji la uma, yaani sehemu ya juu ya kishikio cha gurudumu la mbele. Kumbuka kwamba tairi mpya itakuwa nene kuliko hiyo iliyopo; toka 25 hadi 28, kila upande unapoteza kama milimita moja na nusu. Breki nyingi za rimu za zamani huishia 25 au 28. Upana halisi hutegemea rimu pia: tairi ya 25 kwenye rimu yenye milimita 19 ndani yaweza kupima karibu 27. Nafasi hiyo ya milimita 4 isichukuliwe kijuujuu. Msimu wa mvua, udongo mweusi wa kule Rongai na Kitengela hushika tairi, hujaa kwenye uma, na kokoto moja iliyonaswa humo hukwaruza ubavu kila mzunguko.

Mwili wa tairi na tabaka la kinga

Chini ya mpira kuna kitambaa cha nyuzi, mara nyingi nailoni. TPI inayoandikwa ubavuni ni idadi ya nyuzi hizo kwa inchi moja. Tairi ya TPI 60 ina nyuzi nene na mpira mwingi katikati yake. Ni ngumu kidogo lakini haichaniki upesi. Ya 120 ina nyuzi nyembamba, hujikunja kwa urahisi inapogusa lami, hupoteza nguvu kidogo na kumeza mtetemo vizuri, ila ubavu wake ni mwepesi kukatika. Zile za pamba zenye TPI 320 ni za siku ya mashindano. Maji na matope huozesha pamba ikiwa imechubuka. Kampuni nyingine hujumlisha tabaka tatu zinazopandana chini ya mpira, kwa hiyo 180 yao ni 60 mara tatu. Usiilinganishe na 120 ya kampuni nyingine ukidhani ni laini zaidi.

Tabaka la kinga hukaa kati ya mpira na kitambaa. Kuna zito na jepesi. Schwalbe Marathon Plus ina tabaka la mpira la milimita 5, na hata ya upana wa 28 ina zaidi ya nusu kilo. Karibu hakuna kioo kitakachoipenya, lakini ni nzito kuanzisha na hukakamaa kila kwenye tuta. Anayeenda kazini kila siku Industrial Area na hawezi kuchelewa, inamfaa. Continental Gatorskin ni nyepesi zaidi na ubavu wake umeimarishwa, ila haishiki vizuri lami yenye maji, na hilo lina uzito kwa mtu anayeshuka Limuru asubuhi ya ukungu. Kwa anayepanda baiskeli wikendi kwenda Kikuyu, Red Hill au Kiserian na kurudi, chaguo bora ni la katikati: tairi ya mazoezi ya 28 au 30, TPI kati ya 60 na 120, tabaka la kinga lililopita toka ubavu mmoja hadi mwingine, uzito wa gramu 280 hadi 380. Ikiwa njia yako inapita Karura au kwenye murram kwa kilomita kadhaa, nenda 32 isiyo na meno makubwa. Meno hayasaidii kitu juu ya lami. Tairi ya baiskeli ni nyembamba mno kuelea juu ya maji kama ya gari, kwa hiyo mifereji iliyochorwa juu yake ni pambo.

Mizani ndogo ya jikoni husaidia kugundua tairi bandia. Continental Grand Prix 5000 ya milimita 25 ina kati ya gramu 210 na 230. Ukipewa yenye jina hilo ikapima gramu 350, si yenyewe.

Presha

Kubonyeza kwa kidole gumba hakufai. Kuanzia psi 40 (psi ni kipimo cha presha, pauni kwa inchi ya mraba) kwenda juu, tairi nyembamba zote huonekana ngumu sawasawa. Nunua pampu ya kusimama yenye geji. Italipa bei yake kwa tairi utakazookoa.

Kwa mwendeshaji wa kilo 70 anayetumia tyubu, baiskeli ya kilo 9 au 10, kwenye lami ya kawaida: tairi ya 25, weka psi 85 nyuma na 80 mbele, ya 28, weka 72 nyuma na 68 mbele, ya 32, weka 58 nyuma na 54 mbele. Ongeza au punguza kama psi 3 kwa kila kilo 5 za tofauti ya uzito, na uhesabu mkoba wenye laptopu na maji. Barabara mbovu, murram au mvua, punguza psi 5. Nyuma hupewa zaidi kwa sababu ndiko uzito mwingi ulipo.

Hizo ni namba za kuanzia. Kupata yako, chagua kipande kimoja cha njia unachokijua, chenye lami iliyochakaa na kona moja kali, na upite hapo hapo kila mara ukipunguza psi 3. Utafika mahali ambapo tairi inayumba kwenye kona au rimu inagonga chini kwenye tuta. Rudisha psi 5 juu, na uiandike namba hiyo kwenye karatasi uibandike kwenye pampu. Usifuate namba ya juu iliyochapwa ubavuni. Ile ni mwisho wa kinachoruhusiwa. Haikuwekwa kuwa ushauri.

Rimu zisizo na ndoano ndani (hookless, zisizo na mdomo wa kushika ukingo wa tairi), za siku hizi, zina mpaka wake: bar 5, yaani psi 72.5, na zinataka tairi zilizotengenezwa kwa ajili yake tu. Mwendeshaji mzito mwenye rimu hizo aongeze upana wa tairi, asiongeze upepo.

Tyubu ya kawaida ya butili hupoteza psi chache kwa wiki, kwa hiyo kagua mara moja kwa wiki na kabla ya safari ndefu. Ya lateksi hupoteza 10 au 15 kwa usiku mmoja. Huijazi leo ukaiendesha keshokutwa. Mabadiliko ya joto nayo yahesabu ukielekea Magadi. Ukiondoka alfajiri ya nyuzi 15 na psi 80, ukafika kule chini kwenye nyuzi 40, geji itasoma kama 85 au 86. Sehemu kubwa ni joto. Kushuka kwenye hewa nzito kunarudisha psi moja au mbili tu. Si hatari, lakini ikiwa umejaza hadi mpaka wa rimu, acha nafasi hiyo mapema.

Kuhusu kituo cha mafuta: tyubu ya baiskeli ya mbio ina upepo kidogo sana, na mashine ya gari hujaza kwa sekunde. Ikibidi, vaa kiunganishi cha valvu nyembamba na ujaze kwa kubofya kidogo kidogo, ukiangalia geji kila mara.

Ukaguzi wa wiki

Hapa ndipo tairi zinapookolewa, na dakika tano zinatosha. Zungusha gurudumu polepole kwenye mwanga, ukiangalia mpira wa juu kisha ubavu mmoja mmoja. Ukiona tundu au mkato, toa upepo hadi nusu, bana tairi kwa vidole ili mkato ufunguke, na uchokoe kilichomo kwa ncha ya pini. Kioo cha chupa ya soda huonekana. Kinachosumbua zaidi pembeni mwa Thika Road na Mombasa Road ni uzi wa chuma kutoka tairi za malori zilizopasuka: mwembamba karibu kama unywele, urefu wa milimita chache, rangi ya kutu. Kwa nje unaacha nukta tu isiyoonekana. Kwa ndani unachomoza kiasi cha nusu milimita, na utatoboa tyubu mpya dakika kumi baada ya kubadilisha. Pitisha kipande cha pamba ndani ya tairi mzunguko mzima. Pamba ikinaswa, hapo ndipo ulipo. Ukitumia kidole kitupu utakatwa. Uvute kwa koleo ndogo au kikata kucha, kwa upande ule ulikoingilia.

Mkato wa milimita 2 usiofika kwenye nyuzi, uache. Wa milimita 4 au 5 unaoonyesha nyuzi, bandika kiraka ndani na uihamishie tairi hiyo nyuma. Ubavu uliovimba, au mkato wa ubavuni uliokata nyuzi, tupa. Mara nyingi ubavu ukivimba nyuzi zimeshakatika ndani na tyubu inatafuta njia ya kutokea. Usisubiri itokee ukishuka Kona Baridi.

Baada ya safari ya mvua, suuza tairi kwa maji na uzikague siku hiyohiyo. Mpira ulioloa hukatika kirahisi kuliko mkavu, na maji huviosha vioo hadi pembeni mwa barabara, ambako ndiko baiskeli zinapitia.

Tazama pia breki. Kiatu cha breki ya rimu kiguse chuma peke yake, na kiache angalau milimita moja chini ya tairi. Kikipanda kidogo tu, kila ukishika breki kinakata ubavu mstari ulionyooka, na tairi mpya yaweza kwisha kwa wiki chache.

Kufunga tairi bila kuiumiza

Tumia vishikizo vya plastiki. Bisibisi na kijiko hutoboa tyubu na kukwaruza rimu. Kwanza angalia mkanda wa rimu: ufunike matundu yote ya spoku, usisogee ukiusukuma kwa kidole. Mafundi wengi hukata kipande cha tyubu ya zamani kikawa mkanda. Kwenye Black Mamba yenye psi 40 kinatosha. Kwa psi 80 mpira huo husukumwa ndani ya tundu la spoku na tyubu hupasuka upande wa chini. Weka mkanda wa kitambaa au wa plastiki ngumu wenye upana unaolingana na ndani ya rimu.

Panga jina la tairi mbele ya valvu. Faida yake ni kwamba ukipata pancha unaweza kulinganisha tundu la tyubu na mahali pake kwenye tairi. Ingiza upande mmoja wa tairi, jaza tyubu upepo kidogo tu ili ishike umbo, iweke ndani, kisha anza kufunga upande wa pili kutoka mkabala wa valvu ukiishia kwenye valvu. Kila unapokwama, bana tairi pande zote ili ukingo wake uingie kwenye mfereji wa katikati ya rimu. Hapo ndipo unapopata ulegevu wa kumalizia kwa viganja. Sukuma valvu juu mara moja kuhakikisha tyubu haijabanwa chini yake, jaza hadi psi 30, angalia mstari mwembamba ulio pembeni ya tairi ukae sawa na rimu mzunguko mzima, ndipo ujaze iliyobaki. Nati ya valvu ikazwe kwa vidole, isikazwe kwa koleo.

Tundu la tyubu husema kilichotokea. Matundu mawili yaliyo sambamba ni rimu kugonga: presha ilikuwa ndogo au uliingia shimo ukiwa umekaa. Tundu upande wa spoku ni mkanda. Tundu upande wa nje ni mwiba, kioo au waya, na mara nyingi bado kimo ndani ya tairi. Mchaniko kwenye shina la valvu ni wa kuipinda wakati wa kupampu. Kiraka hakishiki ikiwa gundi haikuachwa ikauka. Paka kwa upana kuliko kiraka, ngoja kama dakika tano hadi isinate kidoleni, kisha bandika na ukandamize. Tyubu nyepesi za TPU (aina ya plastiki laini) hazikubali gundi hii, zina viraka vyake.

Kubadilisha mbele na nyuma

Tairi ya nyuma huisha karibu mara mbili kuliko ya mbele. Tairi ya mazoezi hutoa kilomita 3,000 hadi 5,000 nyuma kwenye lami zetu, zile nzito hupita hapo mbali, na za mashindano huishia njiani. Nyuma ikianza kuwa bapa katikati, au vishimo vidogo vya alama ya kuisha vikitoweka, usihamishe kipara hicho mbele ili "kumalizia". Mbele ikipasuka unaanguka. Nyuma ikipasuka mara nyingi unaweza kusimama. Toa ya nyuma uitupe, leta ya mbele nyuma, weka mpya mbele. Kwa mpangilio huo mbele daima kuna mpira mzuri na hakuna tairi inayokaa mbele hadi ikauke kwa umri.

Umri ni adui wa kweli hapa. Jua letu ni kali na jiji liko juu, na baiskeli iliyoachwa kwenye balkoni inayopigwa na jua la mchana hupasuka vistari ubavuni kabla hata haijatembea. Iweke kivulini, mbali na petroli na oili, na usiiache miezi mingi ikiwa imesimama bila upepo, itundike. Ukinunua tairi za mitumba, kunja ubavu kwa vidole viwili: vistari vikifunguka, iache. Bonyeza kwa ukucha: mpira mzima hubonyea na kurudi, uliokufa hung'aa na haubonyei.

Mfumo usiotumia tyubu unafaa kwa 30 kwenda juu, hasa kwa miiba ya migunga ukitoka nje ya jiji. Weka mililita 30 hadi 45 za maji ya kuziba kwa kila tairi na uongeze kila baada ya miezi miwili au mitatu, kwa sababu hukauka. Chini ya 28, kwa presha kubwa, maji hayo hutoka yakiruka kabla ya kuziba, na usumbufu hauna faida.

Tairi ikichanika njiani

Mkato mkubwa wa ubavuni hauzibwi kwa kiraka cha tyubu. Tyubu itachomoza na kupasuka. Toa tairi upande mmoja, safisha ndani kwa mkono, na uweke juu ya mkato kipande kigumu kinachozidi urefu wake kwa sentimita 2 kila upande. Pakiti ya maziwa ya karatasi ngumu iliyokunjwa mara mbili hufaa sana, na dukani unaipata popote. Weka tyubu, jaza hadi psi 20 kwanza ili upepo ukishike kipande, angalia kama ubavu unavimba, kisha fika psi 45 au 50 tu na uendeshe polepole ukiwa umeegemea upande wa gurudumu zima. Ukifika nyumbani tairi hiyo ni ya kutupwa, lakini kabla ya kuitupa kata kutoka sehemu yake nzima kipande cha sentimita 8, ondoa kingo zote mbili zenye waya, ukwangue pembe zisiwe kali, na ukiweke kwenye mfuko wa chini ya kiti pamoja na tyubu ya akiba na vishikizo viwili.